Mtaimbo, koleo pacha na mashine: vifaa nilivyotumia kuchimba mashimo ya nguzo Nakasongola

Nilipoamua kuzungushia malisho yangu uzio wa seng'enge wilayani Nakasongola, Uganda, nilidhani jasho lingenitoka wakati wa kukaza waya, kumbe kazi yenyewe ilikuwa chini ya ardhi. Nguzo nilizonunua ni za mikaratusi iliyotiwa dawa, kwa sababu mchwa wa huko hawana simile na mti mkavu, na kila moja ina urefu wa mita 2.1, hivyo shimo lilipaswa kushuka sentimita 60 ili mita moja na nusu ibaki juu. Mashimo yalikuwa 84, mengi yakiwa kwenye mwinuko wenye moramu, yaani udongo mwekundu mgumu wenye changarawe, na machache bondeni, ambako udongo ni laini.

Mtaimbo niliununua Katwe, Kampala, na ndio chombo pekee ambacho hakikunitia hasara hata siku moja. Upande mmoja una ncha na wa pili umefuliwa bapa kama patasi. Ncha huvunja moramu, bapa hunyoosha kuta. Vibarua wazoefu hawaupigi kwa nguvu, bali huuinua na kuuachia ushuke kwa uzito wake, kisha hupiga magoti na kuchota kifusi kwa kopo la maziwa ya unga, mkono ukizama hadi begani. Pale ardhi ilipokataa kabisa, tulichimba kina cha kiganja, tukajaza maji jioni, na asubuhi moramu ikawa imelegea. Jembe na sururu nisingezishauri, kwa kuwa hupanua mdomo wa shimo kuliko nguzo inavyohitaji, na kila kilichopanuliwa kitadai kushindiliwa upya.

Koleo pacha, yaani vijiko viwili vilivyounganishwa kwa bawaba na kushikwa kwa mipini miwili mirefu, linafaa likifuata mtaimbo. Peke yake kwenye moramu lilikuwa likigonga tu na kurudi. Kifusi kikishalegea, koleo hukifumbata na kukitoa bila mtu kupiga magoti, ingawa kadiri shimo linavyokwenda chini ndivyo mdomo mwembamba unavyoizuia mipini kutanuka.

Mashine ya petroli niliikodi kwa siku moja. Ni injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 52, inayozungusha keekee, yaani chuma kilichosokotwa kama parafujo cha kutobolea ardhi, yenye upana wa milimita 200, na tuliambiwa tuchanganye mililita 40 za oili katika kila lita ya petroli. Bondeni ilinifurahisha kweli: shimo lilikamilika kabla sijamaliza kuweka alama ya linalofuata. Kwenye mwinuko mambo yaligeuka, kwa maana keekee ilipokutana na jiwe ilisimama ghafla na mpini ukazunguka badala yake, ukamtegua kibarua kifundo cha mkono. Aliyenikodisha alikuwa ameniapia kwamba inachimba popote. Nilipoipindua nikakuta meno yamelika hadi kuwa butu, na fedha ya siku nzima alikuwa ameshaipokea.

Kuna kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Katika udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, keekee huziacha kuta zikiwa laini kama chungu kilichosuguliwa, na udongo wa kujazia haushikani nazo. Tulilazimika kuzikwaruza kwa mtaimbo kabla ya kusimamisha nguzo, na vilevile kuondoa vumbi legevu lililobaki chini.

Kwa hiyo mwenye ardhi kama yangu anunue mtaimbo na koleo pacha, na mashine aikodi kwa ajili ya bonde tu, baada ya mvua kulainisha udongo. Kabla ya kulipa, aombe keekee ivuliwe apapase meno yake kwa kidole, na ahakikishe kwamba akiachia mafuta keekee inasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Isiposimama, huenda klachi ina hitilafu, na mashine hiyo ibaki dukani.