Neti ya mwavuli ya mtoto: mchana iko sawa kabisa, usiku tafuta ya dawa

Hizi neti za watoto za kufunguka mwavuli sasa ziko kila mahali hapa Kisumu, ukipita soko la Kibuye Jumapili unazikuta zimepangwa juu ya turubai, za pinki, za bluu, za maua, hata wale vijana wa kutembeza vitu steji wanazo begani. Sisi tumekuwa nazo tangu mdogo wetu azaliwe na saa hii anatambaa nyumba nzima, kakake ana miaka minne, kwa hivyo zimetumika kwelikweli na zimevutwa kwelikweli. Naandika juu wazazi wengi wananiuliza kama ni kitu cha maana ama ni urembo tu wa kitanda.

Nunua. Ila ujue unanunua nini, juu ziko aina mbili na hazifanyi kazi sawa, na kuna kitu kimoja wauzaji wanasema ambacho kinaweza kukuletea ugonjwa nyumbani, nitafika hapo.

Ya kwanza ni ile ya mwavuli yenyewe, haina chini, unavuta kamba ya pale juu mbavu zinatanuka halafu unamfunikia mtoto akiwa amelala. Tuliichukua kwa mia tano. Kwa mtoto mchanga ambaye ukimlaza hapa unamkuta hapa, hii hakuna kitu inaishinda. Ni nyepesi, unaifungua kwa mkono mmoja mtoto akiwa kwa mkono mwingine, na mchana nzi hawamkalii usoni. Tukiwa kwa nyumba yetu ya mabati saa nane mchana kulikuwa na joto ile mbaya, kwa hivyo tulikuwa tunamtoa nje kwa kivuli cha mwembe, mkeka chini, leso juu ya mkeka, neti juu yake, mama yake anafua pembeni huku anamwangalia. Usiiweke juani hata kama ni kidogo, ndani kunapata moto haraka na ule wavu umesokotwa karibu karibu hewa haipiti vile unadhani. Mimi hupitisha mkono shingoni kwa mtoto, nikipata jasho natoa neti.

Shida ilianza alipojua kujigeuza. Akisukuma na mguu ule ukingo wa chini unainuka, mbu anaingia, na mbu akishaingia ndani ya neti ndogo hivyo hana pa kwenda, ni kumla mtoto tu. Baadaye akaanza kutambaa na neti yenyewe. Hapo ikabidi tutafute ya pili.

Lakini kabla nitoke kwa hiyo ya mwavuli, angalia ncha za mbavu. Ni waya nyembamba zimeshonewa ndani ya kitambaa, na kila ncha ina kifuniko kidogo cha plastiki. Yetu vifuniko vilianza kutoka, na ile waya ikiwa wazi inatoboa kitambaa inatokeza pale chini karibu na mkono wa mtoto, kali, inaweza kumwingia jicho. Nilichukua kipande cha jinzi kuukuu nikashonea kila ncha mara mbili na haijatokeza tena. Ukiwa sokoni ifungue yote, pitisha kidole kila ncha, muuzaji akinuna mwache anune.

Aina ya pili ina chini yake, ina zipu ya kuzunguka, inakuja na kagodoro na kamto, unaikunja unaibeba kwa mkono. Muuzaji alianza elfu moja mia nane tukamalizia elfu moja mia tatu. Hii ndio napenda zaidi kwa mtoto wa kutambaa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mbu wa huku wakianza kuamka, mama yao yuko jikoni, mimi namsaidia mkubwa kuoga, mdogo tunamweka humo ndani na kijiko na kikombe chake cha plastiki anapiga kelele zake na hakuna kinachomgusa. Na wale mnaokaa karibu na ziwa mnajua vile vidudu vya ziwani vinavyokuja wingu zima vinajaa kwa taa, vinaanguka kwa ugali, vinaingia mtoto puani. Usiku wa namna hiyo hii neti imetusaidia sana, wengi wanabaki nje.

Kamto tulikatoa siku ileile. Kliniki walituambia mtoto ambaye hajafika mwaka hahitaji mto, unaweza kumziba pumzi, na vilevile usijaze ndani midoli laini wala blanketi nzito. Kagodoro ni kembamba lakini kwa usingizi wa mchana kanatosha, bora kalale tambarare bila mikunjo.

Zipu ndio udhaifu wake. Kakake anataka kuingia kila saa, anasema hiyo ni nyumba yake na mtoto ni mgeni, anaivuta kutoka kona mpaka meno yameachana. Fundi wa viatu pale karibu na steji alibadilisha kile kichwa cha zipu kwa shilingi hamsini na inafunga vizuri kuliko ilivyotoka dukani. Saa hii tumekubaliana na mkubwa aingie wakati mdogo hayumo, anasoma vitabu vyake humo, amani imerudi.

Kusafiri nayo pia ni raha. Tulienda nayo Ahero kwa nyanya yao, na mtu akijua Ahero anajua yale mashamba ya mpunga, maji yamesimama kila upande, mbu wa huko hawaogopi mtu. Kwa matatu ilikaa juu ya mapaja bila shida. Mama mkwe aliitazama akaizunguka, akauliza, "Mwanangu, sasa hii ndio mjukuu wangu atalala usiku?" Nikamwambia hapana mama, hii ni ya mchana na jioni tu, usiku watalala wote kwa ile neti yako kubwa ya dawa. Akasema hapo sawa, akaenda kuifunga.

Na hapo ndio kile kitu nilikuwa nasema. Yule aliyetuuzia hii ya zipu aliniapia, "Mzee wangu, hii iko na dawa, mbu akigusa tu anaanguka." Niligeuza ndani nikageuza nje, hakuna lebo hata moja. Neti ya dawa ya kweli huwa na lebo imeshonewa imeandikwa dawa yenyewe, deltamethrin ama permethrin ama nyingine ya aina hiyo. Hizi za watoto nyingi ni wavu mtupu. Wavu mtupu si mbaya, unazuia, lakini mtoto akilala ameegemeza mkono kwa wavu, mbu anasimama nje anaingiza mdomo kwa kile kitundu anakunywa anaenda zake. Na hizi neti ni ndogo, mtoto akijinyoosha kidogo tu ameshagusa ukuta. Yetu kuna asubuhi alitoka na alama zimepangana mstari mmoja mkononi, upande uleule aliokuwa ameegemeza, na nyingine kwa nyayo. Kwa ile ya dawa mbu akitua mara nyingi anakufa ama anatoroka, hata kama mkono umegusa.

Kwa watu wa huku kwetu hii si hadithi ya kuchukulia rahisi. Mbu wa malaria, Anopheles, anauma sana sana usiku watu wakiwa wamelala, na ukanda huu wa ziwa ndio una malaria nyingi Kenya nzima. Tena ushahidi wa neti za dawa ulitoka hapahapa, ule utafiti mkubwa wa Asembo na Gem kule Siaya miaka ya 1990, matokeo yakachapishwa 2003, yakaonyesha vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja mpaka chini ya miaka mitano vilipungua karibu asilimia 16 kwa vijiji vilivyopewa neti. Na hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa vijiji vyenye neti, zilifaidika, juu mbu wenyewe walipungua. Nikifikiria jirani yangu hapa ukuta kwa ukuta naona hiyo neti ninayofunga inamlinda na mtoto wake pia.

Na ya dawa hupewa bure! Mama mjamzito akianza kliniki anapewa, na mtoto wa chini ya mwaka pia kwa hizi kaunti zetu za malaria. Ukiambiwa zimeisha rudi tena uulize, usichoke. Kuna nyingine mpya zimeongezwa kitu kinaitwa PBO, kinachoipa dawa nguvu, hiyo ni kwa sababu kuna mbu wamezoea ile dawa ya kawaida, ukipewa hiyo furahi.

Sisi ya usiku ni ile ya mraba, nimepiga misumari minne na kamba, inafunika kitanda chote, watoto na mama yao wanalala ndani na pembe zote zinachomekwa chini ya godoro. Ikiwa mpya itundike kivulini siku moja kwanza ndio ile dawa kali ipungue isimwashe mtoto. Kufua ni maji baridi na sabuni ya kipande, usitie jiki, uanike kivulini juu jua linaua dawa. Ukiitunza inafika kama miaka mitatu. Ikitoboka shona siku hiyohiyo, tundu dogo la leo kesho linapita panya. Ile ya mtoto isiyo na dawa fua utakavyo, hata kila wiki, maziwa yakimwagika humo sisimizi wanakuja haraka, ila ikaushe vizuri kabla ya kuikunja, waya zikipata kutu zinachafua wavu na hazifunguki tena laini.

Mdogo pia anapata chanjo ya malaria, ile iliyoanza Kenya Septemba 2019 kule Homa Bay. Ni dozi nne, ya kwanza akiwa na miezi 6. Kuna mtu aliniambia basi nitupe neti. Hapana. Chanjo inapunguza, haimalizi, kliniki wenyewe wanakuambia uendelee kulala kwa neti, na mtoto akipata joto mwili umpeleke apimwe siku hiyohiyo, usianze kumpa vidonge vya kukisia.

Kwa hivyo ukiwa na shilingi za moja tu na mtoto anakaribia kujigeuza, ruka ya mwavuli uende moja kwa moja kwa ile ya chini na zipu, vuta zipu mzunguko mzima mara kadhaa kabla utoe pesa, na uiinue uangalie kitambaa cha chini kama kimeshonwa mara mbili, zingine zimeshonwa uzi mmoja na zinaachia kona. Mtoto akikaribia miaka miwili anaipita urefu. Ile yetu ya mwavuli bado nzima, shemeji yangu anajifungua hivi karibuni kule Mamboleo na tutampelekea hiyo, ameshaambiwa siku ya kliniki asitoke bila ya dawa.