Todoist, TickTick, Microsoft To Do: kwenye kazi za kujirudia ndipo zinapoumbuka

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tunachambua programu za kupanga kazi, na leo nitakuwa mkali kidogo. Komenti za video iliyopita zimejaa "ipi ina muonekano mzuri", "ipi ina hali ya giza", "ipi ina wijeti kali". Jamani! Hivyo vyote siku hizi vipo karibu kila mahali. Kuongeza kazi, kugawa orodha, kuweka rangi, sivigusi leo. Kuna kitu kimoja tu kinachofanya mtu aiache programu mwezi wa pili, nacho ni kazi za kujirudia. Nitakionyesha kwenye skrini, usiruke mbele.

Kwanza tuchuje haraka kwa vifaa ulivyonavyo. Ukichanganya simu ya Android na kompyuta ya Windows, Things 3 imeshatoka kwenye orodha: ni ya vifaa vya Apple tu, haina Android, haina Windows, wala huifungui kwenye kivinjari. Inaniuma kusema hivyo kwa sababu imetengenezwa vizuri mno. Na wale mnaoisifia kwamba unalipa mara moja basi, kumbukeni ya iPhone, ya iPad na ya Mac zinauzwa kila moja peke yake. Reminders ya Apple ni hivyo hivyo, ukiwa kwenye Windows unabaki kuingia iCloud kupitia kivinjari. Kwa mwenye vifaa mchanganyiko zinabaki Todoist, TickTick, Microsoft To Do na Google Tasks. Zipo nyingine, ila hizi nne ndizo mnazoniuliza kila siku.

Haya, angalia hapa. Nafungua Todoist, naandika mstari mmoja: "Badilisha kichujio cha maji every 3 months #Nyumbani p2". Unaona maneno yanavyopata rangi? Imeshaelewa marudio, imeshaiweka kwenye mradi wa Nyumbani, imeshaipa kipaumbele cha pili. Sijabonyeza kitufe hata kimoja. Ndiyo, sehemu ya tarehe unaiandika kwa lugha mojawapo kati ya zile inazozielewa, na Kiswahili bado hakimo. Ukiandika "kila miezi 3" inabaki kuwa jina la kazi tu, haijirudii ng'o.

Sasa sikiliza hapa. Tuseme kazi hii tarehe yake ni 1 Machi. Ukachelewa, ukabadilisha kichujio tarehe 20 Machi, ukaweka tiki. Itarudi lini? Angalia: 1 Juni. Inahesabu kutoka tarehe iliyopangwa, haijali ulichelewa. Lakini kichujio kimewekwa tarehe 20, miezi mitatu yake inaisha 20 Juni! Unaambiwa ukitupe siku 19 kabla ya wakati wake. Fanya hivyo kwa kila kitu nyumbani na kazini, baada ya muda orodha yako imejaa vitu vinavyokusumbua bila sababu, unaanza kuvipuuza, na ukishazoea kupuuza, hata kile cha maana unakipita.

Dawa yake ni alama moja. Narudi pale pale, naweka alama ya mshangao baada ya "every", bila nafasi: "every! 3 months". Naweka tiki tarehe 20 Machi, nayo inaruka hadi 20 Juni. Hiyo alama ndiyo inayoiambia hesabu ianze siku uliyokamilisha. Watu wanatumia Todoist miaka na hawaijui.

Lini utumie ipi? Kitu chenye tarehe ya mtu mwingine, kama kodi, bili au ripoti ya mwezi, weka "every" ya kawaida, kwa sababu anayekudai hajali wewe ulilipa lini mwezi uliopita. Mwisho wa mwezi andika "every last day", achana na kuhesabu kama ni 30 au 31. Kitu kinachochakaa au kuchafuka kwa matumizi, yaani kichujio, kusafisha feni, kunakili mafaili kwenye diski ya akiba, weka "every!".

Na mitego miwili mitatu hapo hapo. Ukitaka kusogeza kazi inayojirudia mbele siku moja, usifute maandishi ya tarehe na kuandika "tomorrow". Ukifanya hivyo umefuta marudio yote, utaimaliza kesho na haitarudi tena, na hakuna atakayekuambia. Chagua tarehe mpya kwenye kalenda ndogo, marudio yanabaki. Mtego wa pili, ukiandika "Soma kurasa 5/6", itadhani hiyo 5/6 ni tarehe. Gusa lile neno lenye rangi, rangi inaondoka, linabaki maandishi. Na ukitaka kazi ya kujirudia ife kabisa, kwenye kompyuta shikilia Shift huku unabofya kiduara cha kuweka tiki, vinginevyo kila ukiweka tiki inazaliwa upya.

Sasa wapinzani. TickTick nayo inaweza, tena kwa kubonyeza tu: fungua tarehe, nenda kwenye marudio, chagua ya kujipangia mwenyewe, halafu badilisha kutoka tarehe ya mwisho kwenda tarehe ya kukamilisha. Kwa mtu asiyependa kukariri alama, hii ni rahisi zaidi, nakubali. Things inayo pia, ila tumeshaiaga.

Microsoft To Do? Haina. Unaweka marudio ya miezi 3, unachelewa hadi tarehe 20, inakupa 1 Juni. Hakuna pa kubadilisha. Google Tasks inafuata kalenda tu, tarehe ikifika inakuja, uwe umemaliza ya nyuma au hujamaliza. Reminders ya Apple vilevile inashika tarehe iliyopangwa.

Sasa msinielewe vibaya, To Do ni ya bure kabisa na mimi bado nampendekezea mtu mwenye kazi zisizojirudia sana. Ile My Day yake, orodha inayofutika kila usiku wa manane ili kesho uchague upya, ni nzuri kuliko nilivyokuwa naichukulia mwanzoni mwa uchambuzi huu. Na ukiweka bendera kwenye barua pepe ya Outlook, inaingia kama kazi. Ila wakongwe mnakumbuka Wunderlist, nayo programu ya kupanga kazi: Microsoft waliinunua 2015, wakaifunga rasmi Mei 2020, watu wakaambiwa wahamie To Do. Kwa hiyo programu yoyote utakayochagua, kabla hujaingiza kazi 300, tafuta kwanza mlango wa kutokea. Todoist kuna nakala rudufu kwenye mipangilio na unaweza kutoa mradi mmoja mmoja kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Google wana Takeout, huduma yao ya kupakua data yako. Ukikuta hakuna njia ya kutoa data, usiingie.



Bei. Todoist ya bure inakupa miradi binafsi 5, na vikumbusho vya kujipangia, kwa mfano nusu saa kabla ya muda wa kazi, vinataka ulipie. Miradi 5 kwa matumizi binafsi inatosha ukitumia lebo za @ badala ya kufungua mradi kwa kila jambo. TickTick mwonekano wa kalenda nao umo kwenye kulipia. Ukilipia, angalia umelipia wapi: kwenye duka la programu la simu au kwenye tovuti yao. Kusitisha unasitisha pale pale ulipolipia, na kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, pesa itaendelea kukatwa.

La mwisho, maana najua komenti zitakuja: "mbona kwangu arifa haziji?" Mara nyingi programu haina kosa, ni simu. Kwenye Android 13 na kuendelea programu inaomba ruhusa ya arifa mara ya kwanza, watu wanabonyeza kataa bila kusoma. Kuanzia Android 14 kuna ruhusa nyingine tena, ya kengele na vikumbusho, ambayo programu nyingi unazosakinisha upya hazipewi zenyewe. Nenda Mipangilio, Programu, ufikiaji maalum, kengele na vikumbusho, iwashe. Kisha kwenye ukurasa wa programu yenyewe ingia kwenye betri, ondoa kizuizi. Baadhi ya simu zina meneja wao wa betri juu ya ule wa Android, huo nao unaua programu zilizo nyuma, utafute uiruhusu humo pia.

Na kabla hujalipa chochote, fanya jaribio hili. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni. Ongeza kazi tatu, na ubadilishe jina la kazi moja ya zamani. Kwenye kompyuta, ile ile ya zamani iwekee tiki. Rudisha mtandao, fungua programu kwenye simu, subiri dakika moja. Kazi tatu zinatakiwa zote zionekane kwenye kompyuta, na ile ya zamani iwe na tiki huku na huku, isiwe nakala mbili. Ikikupa nakala mbili, au kazi moja imepotea, programu hiyo ifute.

Kwangu mimi ni Todoist kwa mwenye mikono inayopenda kuandika, TickTick kwa anayependa kubonyeza. Andika kwenye komenti simu yako ni aina gani na toleo gani la Android, wenye tatizo la betri nitawajibu mmoja mmoja.