TAHADHARI: Spika za JBL L100 za mtumba zinauzwa Dar es Salaam zikiwa zimeng'olewa wufa (spika za besi) zake halisi

Ndugu zangu mnaopenda muziki wa roki na mnaotafuta spika kubwa za sebuleni zitakazodumu miaka mingi, nawaomba msitoe hata shilingi ya kishika uchumba kwa jozi yoyote ya JBL L100 inayotangazwa mitandaoni kama "mtumba safi kutoka Ulaya" kabla hamjamaliza kusoma maelezo haya. Yupo muuzaji, ambaye sitamtaja kwa kuwa malalamiko dhidi yake yameshafikishwa polisi, anayeuza makasha halisi ya spika hizo yakiwa yamejazwa vipuri vya bei ya chini, na anayauza kwa bei ya spika kamili. Kazi yangu ni kukarabati spika na amplifaya, na zaidi ya jozi moja ya namna hiyo imeletwa kwenye karakana yangu na wanunuzi wasiojuana.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini amechagua aina hii. L100, ambayo ilijulikana pia kama Century, ilitoka mwaka 1970 ikiwa ni toleo la nyumbani la spika za studio za JBL, yaani 4310 na ndugu yake 4311, ambazo zilitumika katika studio nyingi za Marekani wakati muziki mwingi wa roki tunaoupenda ulipokuwa ukirekodiwa. Sauti yake iko mbele, gitaa na mdundo wa ngoma ya mguu vinakujia usoni, na kwa sababu hiyo mpenzi wa roki anaitafuta hata leo ingawa mpenzi wa muziki wa fidla anaweza kuiona ina kelele. Jambo la pili, na kwa sisi wa pwani ndilo kubwa zaidi, ni uimara. Spika nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 zilitengenezwa kwa ukingo wa sponji, ule mkunjo laini unaoshikilia koni (karatasi inayotetema) kwenye fremu, na sponji hiyo huoza yenyewe hata kama spika haijawahi kupigwa. Kwa kawaida hufika miaka kumi hadi ishirini, na joto pamoja na unyevunyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huharakisha uozo huo. Wufa ya L100, yenye upana wa inchi 12 na inayojulikana kwa namba 123A, ilitiwa ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa, nao hauozi. Ndiyo maana leo bado zipo wufa za zaidi ya miaka hamsini zinazofanya kazi bila kuguswa na fundi.

Uimara huohuo ndio uliozaa utapeli. Kwa kuwa wufa hizo bado ni nzima, wenye spika hizi huko Marekani na Ulaya wanazitafuta moja moja, na mtu mwenye jozi kamili anaweza kuzing'oa wufa, spika za sauti ya kati na twita (spika ndogo za sauti za juu), akaziuza kipande kwa kipande nje ya nchi, kisha akabaki na makasha mawili mazuri ya mbao ya walnati yenye nembo halisi. Hapo ndipo biashara ya pili inapoanza. Makasha yanajazwa vitu vya dukani na kurudishwa sokoni, na mwenye nayo anakuwa ameuza jozi moja mara mbili.

Jozi iliyonifanya niandike ililetwa na mzee mmoja mstaafu ambaye alilipa shilingi milioni 4.5, akaambiwa na muuzaji, "Mzee wangu, hizi hazijaguswa tangu kiwandani." Malalamiko yake hayakuwa ya ubora wa sauti. Alikuja kwa sababu amplifaya yake ilikuwa ikijizima kila alipopandisha sauti, na alidhani tatizo liko kwenye amplifaya. Nilipima waya za nyuma za spika kwa mita nikapata ukinzani wa umeme wa omu 3.2 upande mmoja na omu 3.3 upande wa pili. L100 ni spika ya omu 8, na wufa ya omu 8 ikipimwa kwa mita ya kawaida huonyesha kama omu 6 hivi. Hakuna uchakavu wowote unaoweza kuiteremsha kutoka sita hadi tatu kwa spika zote mbili kwa pamoja. Ndani mwake lazima kulikuwa na wufa za omu 4, na wufa nyingi za inchi 12 za omu 4 zinazopatikana madukani ni za magari.

Tulipofungua, ndivyo ilivyokuwa. Koni ya 123A ni nyeupe, na weupe huo hautokani na rangi ya mapambo. Ni utomvu maalumu uliopakwa kiwandani ili kuongeza uzito wa karatasi na kupunguza mitetemo isiyotakiwa. Muuzaji alichukua wufa nyeusi za gari akazipaka rangi nyeupe ya maji, ileile ya kupakia kuta. Nilipopitisha kidole kilicholowa, kilitoka na chokaa. Pembezoni mwa kifuniko cha katikati brashi ilikuwa imeacha unyoya mmoja uliogandia ndani ya rangi, na penye mkunjo wa ukingo rangi ilikuwa imeanza kupasuka kwa kuwa ukingo wenyewe ulikuwa wa sponji. Nyuma, badala ya fremu nzito ya alumini ya kusubu na sumaku ya aloi ya Alnico iliyofungiwa ndani ya chungu cha chuma, palikuwa na fremu ya bati na sumaku bapa ya kawaida. Twita nayo ilikuwa ya kuba ya plastiki. Twita ya Century ni ya koni ndogo ya karatasi. Yenye kuba ya titani ni ya L100 Classic, toleo jipya lililotolewa mwaka 2018, na mtu asikuchanganye kwa kukuambia kuwa ni kitu kimoja.

Wapo watakaosema kwamba wufa ni wufa, mradi inatoa besi. Kwa spika nyingine hoja hiyo ingeweza kuvumilika kidogo, lakini kwa L100 haifai kabisa, na sababu yake ni ya kiufundi. Katika spika za kawaida kuna krosova, yaani saketi ya kugawa sauti iliyo ndani ya kasha, ambayo huizuia wufa isipokee sauti za juu. L100 ina krosova nyepesi mno, ambapo wufa inapokea muziki wote moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya bila koili ya kuichuja, na wahandisi waliitegemea koni ya 123A yenyewe ipunguze sauti za juu kwa maumbile yake. Ukiweka wufa ya gari mahali pale, itajaribu kuimba na gitaa pamoja na sauti ya mwimbaji, na itafanya hivyo vibaya. Ndiyo sababu jozi ya mzee ilikuwa na besi inayovuma chini na kelele kama ya bati juu yake. Na kwa kuwa ni ya omu 4, inavuta umeme mwingi kuliko amplifaya nyingi za zamani zilivyokusudiwa kutoa. Amplifaya ya mzee ilikuwa na kinga ya kujizima. Isiyo na kinga ingeungua.

Udhaifu huo wa krosova una faida moja kwa mnunuzi. Kwa kuwa hakuna kitu kati ya waya za nyuma na wufa, huhitaji kufungua kasha ili kuipima. Mita ya kawaida ya fundi inatosha: chomoa waya za amplifaya, gusisha ncha za mita kwenye vifungio vya nyuma, na usome. Karibu na 6 ni dalili njema, ingawa haitoshi peke yake. Karibu na 3, ondoka hapo.

Baada ya mita, omba kitambaa au sponji ya mbele iondolewe na uitazame koni kwenye mwanga wa jua. Gusa ukingo taratibu: kitambaa kina ugumu kidogo na mikunjo midogo kama ya kodiani, ilhali sponji ni laini na hubonyea. Angalia matundu ya skrubu, kwani fremu ya bati mara nyingi haioani na matundu ya zamani, na utaona mapya yaliyotobolewa kando yake. Halafu omba wufa moja ifunguliwe ili uone sumaku na lebo iliyo nyuma. Muuzaji mkweli wa vitu vya zamani hujua kwamba mnunuzi makini ataomba hivyo, na wengi huwa na picha za ndani tayari. Huyu ninayemzungumzia hukataa kwa kusema kwamba ukifungua utaharibu "sili ya kiwanda". L100 haina sili ya namna hiyo. Vilevile msidanganyike na vitufe viwili vya mbele vya kupunguza sauti ya kati na ya juu. Vitufe hivyo vikikwaruza mnapovizungusha si dalili ya utapeli, ni kutu na vumbi la miaka, na dawa ya kusafishia hutosha kuviponya.

Katika kuisikiliza, chagueni wimbo wenye gitaa la besi linaloshuka hadi kwenye uzi mzito kabisa, ambao katika gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde, na msikilize kwa sauti ya wastani mkiwa karibu. Koili ya wufa yenyewe (waya uliozungushwa nyuma ya koni) ikiwa imepinda hukwaruza waziwazi katika noti hizo za chini. Muuzaji huyu anapenda kuonyesha spika zake kwa sauti kubwa sana na kwa wimbo wenye makelele ya gitaa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu humo kila kasoro hufichika.

Jozi nyingine niliyoiona ilikuwa na kibandiko kipya nyuma kilichoandikwa "800W PMPO". Kipimo hicho hakipimi kitu chochote cha maana. Ni namba ya kuvutia macho inayobandikwa kwenye redio za bei rahisi, na haikuwahi kuandikwa kwenye spika ya hadhi hii. Kuzidisha wati ni mchezo wa zamani kiasi kwamba Marekani ililazimika kutunga kanuni mwaka 1974 kuwabana watengenezaji wa amplifaya za nyumbani wataje nguvu ya kudumu. Huko huko, tangu miaka ya 1980, kumekuwa na watu wanaouza spika kwenye gari jeupe katika vituo vya mafuta, wakidai kuwa ghala limewapakilia mzigo wa ziada kwa makosa, na wanunuzi huambulia masanduku ya jina la kubuni. Wa kwetu ni hatari kuliko hao, kwa sababu kasha analouza ni la kweli, nembo ni ya kweli, na anayelitafuta jina hilo mtandaoni atakuta sifa za kweli.

Kuna upande wa pili wa biashara yake, unaowahusu zaidi mlioko mikoani, Zanzibar na Kenya ambao hamwezi kufika kuikagua bidhaa. Hutuma picha za jozi nzuri ajabu, kisha huomba nusu ya bei kwa simu ili "mzigo utolewe bandarini". Zitazameni picha hizo pembeni, wala si spika peke yake. Katika picha moja niliyotumiwa na mhanga, ukutani nyuma ya spika kulikuwa na soketi ya matundu mawili ya mviringo kama zile za Ujerumani, ilhali muuzaji alidai kwamba picha imepigwa nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, ambako soketi ni za pini tatu bapa. Ombeni apige simu ya video na aweke karatasi yenye tarehe ya siku hiyo juu ya kasha. Asiye na mzigo hatakuwa na mtandao siku hiyo, wala kesho yake.

Anayeuza kihalali pia hatakataa kukupa risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa. Mwombeni aandike humo maneno "JBL L100, vipuri vyote halisi", kwani maneno hayo ndiyo yatakayokusaidia mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hushughulikia udanganyifu dhidi ya mlaji. Kwa Kenya, bidhaa bandia ziko chini ya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Aliyekwisha kutuma fedha kwa simu aende polisi mapema akachukue RB (namba ya taarifa ya polisi), kisha awasilishe taarifa kwa kampuni yake ya simu pamoja na ujumbe wa muamala, kabla fedha hazijatolewa kwa wakala.

Kwa mliokwisha kununua kutoka kwake, msizipige kwa sauti kubwa na msizikarabati kwanza. Pigeni picha za wufa, sumaku, krosova na vibandiko kama zilivyo, kwa sababu fundi akishabadilisha kitu, muuzaji atadai kwamba ni fundi aliyeiba vipuri halisi, na tayari amemjibu hivyo mzee wangu. Makasha msiyatupe wala kuyauza kwa hasira. Yana thamani yake, na iwapo wufa za 123A zitapatikana kwa njia halali yanaweza kurudishiwa sauti yake. Atakayeona wufa, spika za kati na twita za L100 zikitangazwa kila kipande peke yake na muuzaji aliyeko Dar es Salaam anakili tangazo hilo, tarehe na namba ya simu, na ayapeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye akiwa na nakala ya tahadhari hii.