Ukitaka sweta ya kiume ya maana Unguja, nenda kwa huyu ami wa Darajani

Wanaouliza sweta ya nini Zanzibar na joto hili, hebu wapande Vespa alfajiri mwezi wa 7 kutoka Fuoni mpaka mjini, kusi linavuma na wamevaa shati moja, halafu tuongee. Ndio kipupwe chetu si baridi ya kutisha, usiku nyuzi 22 hivi, lakini upepo ule kifuani si mchezo, na boti ya asubuhi ya Dar kiyoyozi chake kinapiga mpaka abiria wanajifunika khanga. Na wangapi wetu wana watoto wanaosoma Iringa au Mbeya, au wanakwenda Njombe kikazi ambako mwezi huohuo usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo sweta tunavaa, sema wengi tunavaa ovyo: limezidi saizi mbili, mikono inafunika vidole, kifuani kuna jina la chuo cha Marekani ambacho hata aliyevaa hakijui, na uzi wenyewe plastiki tupu, ukikaa juani dakika kumi jasho linakuchuruzika.

Ndo maana nataka kumsifu huyu ami anayeuza sweta za mtumba kwenye vichochoro vya nguo pale Darajani, ukiwa unatokea upande wa Mkunazini. Kibanda hakina jina wala bango, ukiuliza muuza sweta mzee mwenye miwani utaonyeshwa tu. Nimenunua kwake mie, kanunua ndugu yangu, kanunua shemeji, na mpaka leo sweta zetu zinavalika.

Kitu cha mwanzo kilichonivutia, hatundiki. Wenzake wote wametundika sweta kwenye henga mpaka barabarani, yeye kazikunja zote kazipanga juu ya meza. Nikamuuliza ami kwa nini, watu wakipita hawazioni. Akaniambia kijana wangu, sweta ukiitundika uzito wake wenyewe unaivuta, mwezi haujesha bega limetoka pembe na shingo imelegea, nguo ya kufumwa inakunjwa. Na kweli, nendeni mkaangalie zile za kwenye henga, mabegani utaona vinundu viwili vimesimama, na vile ukivaa vinaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Cha pili, anapanga kwa uzi, hapangi kwa rangi wala saizi. Fungu la sufu huku, pamba huku, akriliki, ule uzi wa plastiki, kule mwisho kwa bei ya kutupa. Ukimtilia shaka hakasiriki, anageuza sweta ndani nje, anatafuta kiuzi kimening'inia kwenye mshono, anakikata, anakiwasha kibiriti mbele yako. Sufu ya kondoo inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake ukilisaga kwa vidole linakuwa unga. Akriliki inayeyuka, inabaki tone jeusi gumu hata ukilibonyeza halivunjiki. Pamba inanuka karatasi. Lebo nyingi za mtumba zimekatwa au zimefutika kwa kufuliwa, kwa hiyo hiki kibiriti chake mie nakiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sasa mtu atasema sufu si ndo ya joto zaidi, kwa Unguja itatuua. Hapana yakhe, inategemea unene. Merino nyembamba, yaani sufu ya kondoo wa manyoya laini, zile ambazo ukiishika juu ya mwanga unaona kivuli cha vidole, inapumua, na sufu ina tabia ya kunyonya unyevu mpaka kama theluthi ya uzito wake na bado mwilini huisikii maji. Kwa kisiwa chenye unyevu wa hewa kama chetu hiyo ni neema. Akriliki hainyonyi, jasho linabaki kwenye ngozi na jioni nguo inanuka. Inayowasha shingoni ni sufu ya nyuzi nene, kwa hiyo kabla hujalipa pitisha sweta shingoni sio mkononi, kiganja hakikwambii ukweli. Kashmiri, yaani manyoya laini ya mbuzi, zinapatikana kwake mara chache, na ukiona lebo imeandikwa Hawick, Scotland, usiulize mara mbili, ule ni mji unaojulikana kwa kazi hiyo.

Mara mojamoja kwenye robota hutoka zile sweta nzito za wavuvi wa Guernsey, kisiwa kule baina ya Uingereza na Ufaransa. Zimefumwa zikabana sana ili rasharasha za bahari zisipenye, na mbele na nyuma ziko sawasawa, unaivaa upande wowote. Mie nilipoiona nikawafikiria jamaa zangu wa Pemba wanaolala baharini na kwenye dago, zile kambi za wavuvi, wanavaa majaketi ya nailoni yaliyochanika. Sweta ile ingewafaa kweli. Kwa mjini lakini ni nzito, usiinunue kwa uzuri wa macho.

Haya, kuvaa. Kila kitu kinaanzia begani. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia, ukishuka kwenye mkono hata kidole kimoja basi sweta si yako, iache hata kama ni kashmiri. Mkono uishie kwenye kifundo, chini uguse mkanda na upite kidogo, usifike mapajani. Mwili ukuachie nafasi ya kubana kitambaa kwa vidole viwili kila upande, zaidi ya hapo unaonekana umeazima.

Shingo ya V unavaa na shati la kola, na kola inakaa ndani ya sweta, usiitoe ikapepea juu ya mabega. Ofisini na suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi, umemaliza. Shingo ya duara ni ya fulana nyeupe safi au peke yake, na jinzi isiyochanika. Rangi mie nashikilia buluu iliyokoza, kijivu, na ule ukijani wa kijeshi, kwa sababu zinakubali karibu kila suruali uliyonayo, na moja ya rangi ya udongo kwa siku za mapumziko. Michoro mikubwa na maandishi kifuani nyie fanyeni mnavyotaka, lakini mtu mzima na heshima zake sweta tupu isiyo na neno inampendeza zaidi.

Na kanzu je? Hapa ndo nina la kusema kwa sababu wazee wetu wanafanya kila siku na vijana hawaangalii. Mzee anatoka alfajiri kwenda msikitini, kanzu nyeupe, kofia ya viua, juu kadigani, yaani sweta ya kufunguka mbele, ya kijivu imefungwa vifungo viwili vya kati, mashallah, amependeza kuliko bwana harusi. Siri yake, kadigani ni nyembamba, rangi moja, na inaishia nyongani ili kanzu ishuke yenyewe. Sweta ya kuvaliwa kichwani juu ya kanzu inakunja kitambaa tumboni, inaharibu. Kadigani inasemekana ilipata jina kwa Lord Cardigan, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeongoza askari wa farasi vita vya Crimea, 1854, lakini mie naona mahali pake halisi ni juu ya kanzu ya mzee wa Malindi.

Kasoro zipo na nizitaje. Pa kujaribia hamna, unavaa hapohapo juu ya shati lako watu wanapita, na kioo ni kidogo, unajiona shingo tu, kwa hiyo nenda na mtu akwambie mgongoni kukoje. Saizi nyingi ni za Wazungu wakubwa, mwenye mwili mdogo atapekua sana. Na msidanganyike kwamba fundi cherahani atapunguza, nguo ya kufumwa ukiikata bila ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, inafumuka yote. Taa yake nayo hafifu, tobo la nondo hulioni, itoe nje uinyooshe kwenye jua uikague kwapani na viwiko. Mie shemeji yangu alipata moja ina tobo, akarudi kesho yake, ami akabadilisha bila maneno, hilo nampa maksi.

Bei nilizokuta, akriliki 5,000, pamba 10,000, sufu 15,000 mpaka 25,000 ikiwa safi sana. Kupunguza anapunguza kidogo tu, buku mbili tatu, ukimvuta sana ananyamaza anaendelea kukunja.

Ukishafika nayo nyumbani usiitie mashine wala maji ya moto, sufu inasinyaa ikawa ya mtoto. Maji baridi, shampuu kidogo, unaikamua kwa kuibonyeza bila kuisokota, unaiviringisha kwenye taulo, halafu unailaza juu ya mkeka kivulini. Kabatini weka karafuu kavu kwenye kifuko cha kitambaa katikati ya sweta, nondo hawapendi ile harufu, na sisi karafuu hatununui kwa pakiti kama wenzetu. Udi nao sufu inaushika siku nyingi, fukiza mara moja tu inatosha, ila akriliki weka mbali na chetezo, inayeyuka.

Nendeni asubuhi siku anayofungua robota, hana siku maalumu, mpitie umuulize. Ikifika adhuhuri vijana wa mahoteli ya Nungwi washabeba merino zote. Wenye mwili mdogo mwambieni mapema saizi yenu, anaweka pembeni akipata, mie alinishikia moja wiki nzima bila kuchukua hata shilingi ya rubuni.