Njia za changarawe za Nairobi: angalia udongo kabla ya ramani

Muulize mwendesha baiskeli yeyote wa Nairobi mahali pa kuendesha bila kufukuzana na matatu, atakutajia msitu wa Karura. Atakuwa amesema kweli, ila kwa nusu ya mwaka tu. Kinachoharibu safari hapa kwetu mara nyingi si umbali wala mlima, ni udongo. Njia iliyokuwa ngumu na safi Februari, Aprili inakung'olea deraila, kile kifaa kinachohamisha cheni toka gia moja hadi nyingine. Kwa hiyo hapa tunapima njia tatu, Karura, mashamba ya chai ya Tigoni kule Limuru, na mbuga ya Hell's Gate karibu na Ziwa Naivasha, kwa kuangalia kwanza kilicho chini ya tairi.

Karura ndiyo rahisi kuliko zote kufika. Msitu una hekta zipatazo 1,041 na njia zaidi ya kilomita 50, za miguu na za baiskeli kwa pamoja. Makutano yamewekewa vibao vyenye namba, na ramani ya msitu inatumia namba hizohizo, hivyo mgeni hapotei. Mzunguko wa kilomita 15 hadi 20 unapatikana bila kurudia sana mahali ulipopita. Juu tambarare pako vizuri: udongo mwekundu ulioshindiliwa, mizizi hapa na pale, kivuli kote. Kazi iko kwenye miteremko ya kwenda mtoni, mifupi lakini mikali, ambapo changarawe ndogo hukusanyika kwenye kona. Funga breki kabla ya kona, ukifika konani uziachie. Anayebana breki ya mbele katikati ya kona ndiye anayeacha ngozi ya kiwiko pale.

Kilema cha Karura ni watembeaji. Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi kuna watoto, mbwa na wakimbiaji, na baiskeli yenye kasi ni karaha kwa wote. Langoni panafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ingia mapema, funga kengele kwenye baiskeli, na ubaki kwenye njia zilizoruhusiwa baiskeli.

Sasa mvua. Udongo mwekundu wa Nairobi ni mfinyanzi, na chini ya miti jua halifiki vizuri, hivyo bondeni huweza kubaki na unyevu siku mbili tatu baada ya barabara za mjini kukauka. Kipimo ni rahisi: chota udongo kidogo njiani, uviringishe kati ya viganja uwe kama utambi. Ukikatikakatika, endesha. Ukinyooka mwembamba bila kukatika, rudi nyumbani au tafuta njia nyingine, kwa sababu udongo huo hautaki kubanduka kwenye tairi. Unabeba majani na kokoto, unajaa kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu, kisha unaingia kwenye cheni. Deraila ya nyuma inavutwa na cheni iliyojaa matope, inaingia kwenye spoku, na kile kikono kidogo kinachoishika kinapinda au kukatika. Kikono hicho kimefanywa laini makusudi ili kivunjike chenyewe badala ya fremu. Shida ni kwamba karibu kila fremu ina aina yake, na fundi wa mtaani hatakuwa nacho. Nunua cha akiba siku unayonunua baiskeli, kikae kwenye mfuko wa chini ya kiti.

Kikivunjika na huna cha akiba, toa deraila, kata cheni uifupishe, uipitishe kwenye gia moja tu ya katikati nyuma, iliyonyooka na ile ya mbele. Utafika lami. Kwa hilo unahitaji kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha ziada kinachofungwa kwa mkono. Vyote viwili vinaingia kwenye kiganja.

Ukishaanza kusikia tairi likisugua matope, shuka hapohapo. Tafuta kijiti, kwangua, kisha sukuma pembeni penye nyasi. Usilazimishe pedali hata mzunguko mmoja. Na usikwepe dimbwi kwa kupanua njia. Pita katikati ukiona chini hapana shimo, la sivyo kila mvua njia inaongezeka mita moja na miche inakanyagwa. Msitu huu ungekuwa nyumba za watu leo kama mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wasingepigwa pale Januari 1999 wakitaka kupanda mti. Njia ikifungwa ili udongo upone, geuza bila ubishi.

Upepo wa tairi unastahili maneno yake. Kwa tairi lenye upana wa milimita 40, lisilo na tyubu ndani, na mwendeshaji wa kilo 70, anza na psi (kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye pampu) 35 mbele na 38 nyuma. Ukitumia tyubu, ongeza psi 5. Pancha ya Karura mara nyingi si mwiba: mzizi unaibana tyubu dhidi ya rimu na kuacha matundu mawili madogo yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo mawili, tatizo ni upepo mdogo, na kubandika viraka tu bila kuongeza upepo ni kurudi kupigwa palepale.

Tigoni ni habari nyingine. Uko kwenye mita zipatazo 2,200 juu ya bahari, karibu mita 500 zaidi ya katikati ya jiji, na chai imepandwa Limuru tangu 1903. Barabara za ndani ya mashamba ni nzuri kwa sababu moja: lori la majani mabichi lazima lifike kiwandani, mvua inyeshe isinyeshe, hivyo humwagiwa changarawe na kushindiliwa. Baada ya mvua unaweza kuendesha hapa siku ambayo bonde la Karura halipitiki. Bila magari kabisa? Hapana. Siku za kuchuma utakutana na lori na trekta, na bodaboda hupita njia za mkato. Angalia pia mitaro inayokatiza barabara kwenye miteremko. Inaonekana ukiwa mita tano tu. Milima ni mingi: bila gia nyepesi ambayo meno ya nyuma ni sawa na ya mbele au zaidi, utatembea kwa miguu. Juni hadi Agosti beba glovu na koti la upepo, maana ukungu huweza kukaa hadi saa nne.

Mashamba haya yana wenyewe. Ukifika kizuizini simama, shuka, na useme, "Habari ya asubuhi, mzee, tunaomba kupita." Ukikataliwa, asante na ugeuke.

Hell's Gate ni kimbilio la msimu wa mvua. Udongo wake ni wa volkano, unanywa maji haraka, na mvua ya usiku mara nyingi haikuharibii asubuhi. Ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya zinazoruhusu baiskeli: unaingia lango la Elsa, unapita mwamba wa Fischer, mita 25 kwenda juu, pundamilia wakila pembeni. Kuna magari ya watalii, na mengine ya kwenda kwenye mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, kwa hiyo nenda siku ya kazi. Pale barabara ilipokuwa mawimbimawimbi na vumbi laini, shusha psi hadi 30 kama hutumii tyubu. Miiba ya migunga ni ya kweli: mililita 60 za dawa ya kuzibia matundu ndani ya kila tairi lisilo na tyubu, au tyubu mbili za akiba na viraka. Maji lita mbili kwa mtu, kivuli ni haba. Nyati akiwa karibu na njia, simama na umpe nafasi. Nyani huiba chakula hata ndani ya mfuko uliofungwa.

Ukikodi baiskeli karibu na lango, usitoe hela kwanza. Bana breki zote mbili ukiisukuma, jaribu kila gia, kaza nati za magurudumu, na pandisha kiti hadi kisigino kikae kwenye pedali goti likiwa limenyooka. Viingilio hubadilika, angalia na ulipe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kuondoka. Ziwa lenyewe utaliona zaidi kwa mbali, kwani ufuo umezungushiwa ua na hoteli na mashamba ya maua, na barabara ya kusini mwake ni lami yenye matatu.

Ukirudi na matope, usiipeleke baiskeli kwa vijana wa kuosha magari. Mashine yao inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi, na baada ya wiki chache magurudumu yanaanza kulia. Ndoo mbili za maji, brashi ya kufulia na kitambaa kikavu vinatosha. Cheni ikauke kwanza, ndipo uitie tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha upanguse yaliyozidi.