Mcheza baleti wa Ufilipino: abaki Manila au aende ng'ambo?

Swali hili halizeeki. Tuanze na jina. Ng'ambo hulikuza, ila kwa mwendo wa kobe: Stella Abrera, mzaliwa wa Manila, alijiunga na American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la New York, mwaka 1996 na akawa mchezaji mkuu 2015. Miaka 19! Nyumbani foleni ni fupi, lakini jukwaa nalo ni dogo.

Kipato? Hapo ng'ambo inashinda, sina ubishi. Kundi kubwa humpa mchezaji mkataba wa kazi, na lina mtaalamu wa kutibu viungo. Manila wengi hufundisha watoto jioni ili mkono uende kinywani.

Kwa mtunzi wa dansi, mizani inageuka. Alice Reyes alisomea Marekani, akarudi, na mwaka 1969 akashiriki kuanzisha kundi la Ballet Philippines. Baadaye akatunukiwa heshima ya Msanii wa Taifa. Agnes Locsin naye alipata heshima hiyo kwa kuchanganya baleti na miondoko ya makabila ya kwao. Kazi kama hiyo ingeota mizizi New York? Nina shaka.

Halafu yupo Lisa Macuja, aliyecheza katika kundi la baleti la Kirov huko Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi), akarejea 1986, na 1995 akashiriki kuanzisha kundi la Ballet Manila. Alikula huku na huku.

Una miaka 18, mwili mzima na hamu ya kucheza nafasi kubwa katika baleti za kale? Jaribu ng'ambo. Unataka kutunga, au una wazazi wanaokutegemea karibu? Manila haikupunguzii kitu, mradi uwe na kazi ya pili.