Kenta ya 4D33 kwa mizigo ya Mtwara na Lindi: inakula kiasi gani, na inyweshwe dizeli ipi

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, barabara ya Masasi hadi Mtwara hujaa Mitsubishi Fuso Canter, Kenta kama tunavyoziita, zimelala kwa magunia. Nyingi bado zina injini ya 4D33. Mnunuzi anayetafuta gari la kazi hukwama hapo: achukue hii ya zamani, au ile ya komoni reli, inayonyunyiza dizeli kwa mgandamizo mkubwa na kusifiwa kwa kubana mafuta? Kwa mwenye gari moja au mawili, anayejaza popote mafuta yanapopatikana, jibu ni 4D33. Kinachoamua ni dizeli ya huku kuliko injini yenyewe.

4D33 ina silinda nne, cc 4,214, haina tabo wala kompyuta. Pampu yake ni ile ya mstari, na nozeli, vinyunyizio vya dizeli, hufunguka kwenye mgandamizo wa bar mia mbili na ushee. Komoni reli kama 4M50 ya cc 4,899, au 4P10 ya lita 3 iliyokuja na Kenta za mwisho wa 2010, hubana dizeli kupita bar 1,000. Dizeli hutoka kama ukungu na kuungua vizuri, na hapo ndipo inapobana matumizi. Lakini kwenye mgandamizo huo, vumbi usiloliona kwa jicho linatosha kukwaruza injekta. Isitoshe, pampu ya komoni reli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, hivyo dizeli ikiwa na maji, chuma kinasaga chuma. Pampu ya 4D33 hupata oili ya injini upande wa kamshafti, ndiyo maana huvumilia zaidi. Huvumilia tu, haijapona.

Kenta ya 4D33 iliyo nzima, ikiwa na magunia 45 ya kilo 80, yaani tani 3.6, itegemee kilomita 6 hadi 7 kwa lita kwenye lami. Kupanda Newala ukitokea Masasi, au kwenye vumbi, hesabu 5. Komoni reli nzima itakupa kilomita moja hivi zaidi. Mtwara hadi Masasi ni takriban kilomita 200: ya kwanza lita 31, ya pili lita 27. Umeokoa lita nne. Sasa muulize fundi pampu bei ya injekta nne, ugawe kwa bei ya lita nne, uone ni safari ngapi.

Tena Kenta za 4P10 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha ekzosi ikipata moto wa kutosha, na gari la kuzunguka bandarini na sokoni haliupati. Kikiziba, injini inakosa pumzi na mafuta yanapaa.

Ulaji usipimwe kwa mshale wa geji. Jaza tanki mpaka shingoni, andika kilomita, tembea si chini ya 300, kisha rudi pampu ile ile, gari likiwa limesimama vile vile, ujaze tena mpaka shingoni. Kilomita 312 kwa lita 48 ni 6.5. Fanya hivyo kila mwezi. Ikishuka chini ya 5.5 kwa mzigo na njia ile ile, kuna kitu.

Mara nyingi kitu hicho ni hewa. Eya klina iliyojaa vumbi ndiyo mwizi wa kwanza huku kwetu: moshi mweusi, nguvu haipo, dereva anazidi kukanyaga. Vumbi jingi, ipulizwe kila wiki, kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi kwenye karatasi. Cha pili ni breki zinazobana. Baada ya safari gusa rimu, yenye moto kuliko wenzake imejitaja. Cha tatu ni upepo wa tairi. Vali nazo zikae na mwanya wa milimita 0.40 injini ikiwa baridi.

Dereva naye ni sehemu ya mashine. 4D33 hutoa mvuto wake mkubwa karibu na mizunguko 1,600 kwa dakika. Badili gia kabla ya 2,200, tembea 60 hadi 70 kwa saa. Kukimbiza 90 na turubai linapepea ni kulisukuma gari kwenye ukuta wa upepo. Na injini ikiachwa inaunguruma kwenye foleni ya ghala, inakunywa karibu lita moja kwa saa. Zimeni, jamani.

Tuje kwenye dizeli. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana bei yake. Kwa kawaida wilayani bei hupanda kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo jaza Mtwara mjini. Lita 100 zina uzito wa kilo 84 tu, zaidi kidogo ya gunia moja, si mzigo wa kuogopa. Kujaza jioni kuna faida nyingine: tanki tupu usiku, kwa unyevu wa pwani, hutoa jasho ndani, na maji hayo hushuka chini.

Dizeli ya kidumu inayouzwa kando ya njia ni nafuu, na ndiyo inayoua nozeli. Uchakachuaji wa mafuta ya taa ulipungua faida tangu ushuru wake ulipopandishwa 2011, lakini maji na uchafu havina ushuru. Ukilazimika, tia kwenye chupa nyeupe, iache mpaka asubuhi. Maji yatakaa chini yakiwa na mstari. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Hayo hukamatwa kwa kipima uzito wa kimiminika (haidromita): dizeli husoma 0.82 hadi 0.86, mafuta ya taa huvuta chini. Nishati yake kwa lita ni ndogo, na hayalainishi.

Legeza nati ya chini ya sedimenta, kikombe kinachotenga maji na dizeli, kila wiki, mwaga hadi itoke dizeli tupu. Filta ni kilomita 10,000. Kama kidumu kimepita, 5,000. Baada ya kubadili, fungua boliti ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha piga stata. Ukiruka hatua hiyo gari litawaka, likohoe, lizime mlima wa kwanza.

Ukienda kununua 4D33 iliyotumika, iwashe ikiwa baridi, usikubali kuletewa imeshapashwa moto. Moshi mweupe usioisha baada ya dakika tano ni nozeli au mgandamizo. Wa bluu ni oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa hai: ikipumua kama birika, ringi za pistoni zimekwisha, acha hilo gari lilipo. Mwisho angalia siri, yaani lakiri, ya pampu. Ikiwa imekatwa, mtu ameongeza mafuta kusaka nguvu, na wewe ndiye utakayelipia sheli.